Kufa na Kuuawa: Kesi ya Kilwa mbele ya Mahakama ya Kijeshi, Lubumbashi, 2006–2007

Kila mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili ajua tofauti iliyopo kati ya vitenzi *kufa* na *kuuawa*. Cha kwanza hakihitaji mtenda. Cha pili, hata mtenda asipotajwa, humfanya msikilizaji aulize: na nani? Katika Kiswahili cha mitaa ya Lubumbashi twasema mara nyingi *balimuua*. Hapo mtenda yumo katika kiambishi, lakini hana jina. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kesi ya Kilwa, iliyosikilizwa katika mji wetu, ilisimama juu ya tofauti hiyo, na kwamba haki ya kesi hupimwa kwa namna mahakama ilivyolitafuta jina la mtenda.

Kilwa tunayoitaja si ile ya pwani ya Tanzania, yenye sifa katika historia ya Waswahili. Ni mji mdogo wa bandari ukingoni mwa ziwa Moero, katika teritware ya Pweto. Yapata kilomita 50 kutoka hapo palikuwa na mgodi wa shaba na fedha wa Dikulushi, uliochimbwa na kampuni ya Anvil Mining. Tarehe 14 Oktoba 2004, kikundi kidogo cha waasi, waliodai kuikomboa Katanga, kiliingia mjini bila upinzani mkubwa. Kesho yake jeshi la taifa, likiongozwa na Kanali Ilunga Ademar, liliutwaa mji tena. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliandika baadaye kwamba watu wasiopungua 73 walipoteza maisha, na kwamba miongoni mwao wasiopungua 28 waliuawa bila hukumu yoyote. Waliandika pia kwamba magari ya kampuni yalitumiwa na jeshi. Kampuni ilijibu kwamba jeshi ndilo lililoyataka, nayo haikuwa na uwezo wa kukataa.

Yafaa kukumbuka uzito wa siasa katika jambo hili. Tangu kujitenga kwa Katanga mwaka 1960, neno "uasi" likitamkwa katika mkoa huu huamsha hofu ya Kinshasa. Pia uchumi wa taifa ulitegemea madini, na wawekezaji wa kigeni walikuwa wakingojewa kwa hamu. Kesi ilifunguliwa Desemba 2006, siku chache tu baada ya Rais Joseph Kabila kuapishwa kufuatia uchaguzi. Kwa hiyo mahakimu waliitwa kupima matendo ya jeshi, na pamoja nayo matendo ya watumishi wa kampuni kubwa, katika saa ambayo serikali mpya ilihitaji vyote viwili.

Washtakiwa walikuwa 12: askari tisa, walioshtakiwa hasa kwa makosa ya vita, na wageni watatu waliokuwa watumishi wa kampuni, walioshtakiwa kwa kusaidia makosa hayo. Mapema mwaka 2007, kesi ikiwa bado inaendelea, mwendesha mashtaka wa kijeshi aliyeandaa mashtaka aliitwa Kinshasa, na mwingine akashika nafasi yake. Tarehe 28 Juni 2007 hukumu ilisomwa. Washtakiwa wote waliondolewa hatia kuhusu mauaji ya Kilwa. Kanali Ademar alipatikana na hatia ya mauaji mengine, yasiyohusiana na siku zile. Kwa mujibu wa mahakama, watu wa Kilwa walipoteza maisha katika mapigano makali. Kwa lugha ya sarufi, mahakama ilichagua *kufa*.

Je, hukumu hiyo peke yake yathibitisha kwamba haki haikutendeka? Kwa maoni yetu, la. Mahakama isiyoweza kumwachilia mshtakiwa si mahakama. Mfano wa jambo hilo twaupata katika kesi ya mauaji ya Rais Laurent-Désiré Kabila, aliyepigwa risasi tarehe 16 Januari 2001. Mahakama maalumu ya kijeshi iliwahukumu kifo watu zaidi ya 25 mwezi Januari 2003, nao hawakuwa na haki ya kukata rufaa. Kanali Eddy Kapend, mmoja wao, alitoka gerezani Januari 2021 kwa msamaha wa rais, bila hukumu ile kupitiwa na mahakama ya juu. Huko majina ya watenda yalitolewa kwa wingi, lakini njia ya kuyapata ilitiliwa shaka na wengi.

Basi kipimo chetu kiwe njia, na katika kesi ya Kilwa njia yenyewe ndiyo yenye kasoro. Kwanza, askari walihukumiwa na mahakimu wa jeshi lao wenyewe. Wahenga walikwisha kutuonya tusipeleke kesi ya ngedere kwa nyani. Pili, raia watatu waliletwa mbele ya mahakama ya kijeshi, ingawa katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara ya 156, imezipa mahakama hizo askari na polisi tu. Kasoro hii iliwagusa washtakiwa wenyewe. Tatu, mwendesha mashtaka alibadilishwa katikati ya safari. Nne, palikuwa na ushahidi mzito wa watu walioona kwa macho. Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa, Louise Arbour, alieleza Julai 2007 wasiwasi wake kwamba mahakama iliyaona mambo ya Kilwa kuwa matokeo ya mapigano tu, licha ya ushahidi huo.

Rufaa ya wahanga ilikataliwa mwaka huohuo. Walijaribu nchini Kanada, na mwaka 2012 mlango huo nao ukafungwa. Hatimaye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2017, iliona kwamba dola ya Kongo ilivunja haki zao, ikiwamo haki ya kusikilizwa na mahakama huru. Iliagiza wahanga wanane na jamaa zao walipwe kiasi cha dola za Kimarekani milioni 2.5, na wahusika washtakiwe. Tangu Aprili 2013 sheria imezipa mahakama za rufaa za kiraia uwezo wa kusikiliza makosa ya vita, kwa hiyo njia nyingine ipo.

Kwa kumalizia, twapendekeza kwamba wanafunzi wa lugha na wanafunzi wa sheria wasome kesi hii pamoja. Mjane wa Kilwa anayesema *balimuua* amekwisha kutoa ushahidi kwamba mtenda yupo. Kazi ya mahakama ilikuwa kuuliza "ba" ni nani, kusikiliza pande zote kwa usawa, kisha kujibu. Swali hilo bado linangoja mahakama ya kulijibu.