Namba ya Mtafiti: Chimbuko la ORCID

Kwa muda mrefu mwandishi wa makala ya kitaalamu alitambulika kwa jina lake tu, na utaratibu huo ulitosha maadamu wasomi wa fani moja walikuwa wachache na wakifahamiana. Majarida yalipoongezeka katika karne ya 20, utata ulijitokeza: nchini China majina ya ukoo kama Wang na Li hutumiwa na makumi ya mamilioni ya watu, baadhi ya wanawake hubadili jina wanapoolewa, na majarida mengi huchapa herufi za kwanza tu za majina, hivyo kazi za watu wawili zikahesabiwa kuwa za mmoja, na za mmoja zikagawanywa kwa wawili.

Kampuni zenye kanzidata, yaani hazina za kielektroniki za taarifa za machapisho, zilitafuta suluhisho kila moja kivyake. Elsevier iliwapa waandishi namba ndani ya kanzidata yake ya Scopus, nayo Thomson Reuters ikaanzisha ResearcherID mwaka 2008, lakini namba ya kampuni moja haikutambuliwa na mshindani wake. Mazungumzo yaliyoanza mwaka 2009, Thomson Reuters na Nature Publishing Group zikiwa miongoni mwa waanzilishi, yalizaa ORCID, shirika lisilo la kibiashara lililosajiliwa Marekani mwaka 2010 na kuanza kutoa namba Oktoba 16, 2012.

Namba hiyo ina tarakimu 16 katika mafungu manne, na ya mwisho hukokotolewa kutokana na 15 zinazoitangulia ili kompyuta igundue kosa la uandishi. Hesabu ikitoa 10, huandikwa X. Mtafiti hujisajili bila malipo, hubaki na namba yake hata akibadili jina, mwajiri au nchi, na huamua mwenyewe nani aone taarifa zake, huku gharama zikibebwa na vyuo, wachapishaji na wafadhili wanachama. Kwa kuwa hakuna kampuni iliyoimiliki, washindani waliweza kuikubali wote. Mwaka 2016 Royal Society ya Uingereza ilianza kuwataka waandishi wanaowasilisha makala wawe nayo, na mwishoni mwa 2020 waliojisajili walivuka milioni 10.

Hata hivyo, kazi ya namba hiyo ni kutofautisha watu, na usomi wao haiuthibitishi. Namba 0000-0002-1825-0097 ni ya Josiah Carberry, profesa wa kubuni aliyechipuka kutokana na tangazo la mzaha la mhadhara katika Chuo Kikuu cha Brown mwaka 1929, ambaye ORCID yenyewe humtumia kama mfano. Anayetaka kupima ubora wa mtafiti bado hana budi kuzisoma kazi zake.