Meza ya Kikuyu

Mama yangu alikuwa Mwanglikana, baba Mpresbiteri. Utotoni nilimwona mama akienda kupiga magoti mezani pa Bwana, baba akibaki kwenye benchi, kofia magotini. Sikuthubutu kuuliza.

Baadaye nilisoma habari za Kikuyu, nchini Kenya, Juni 1913. Wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana huko kutafuta umoja. Mwishoni, ndani ya kanisa la Wapresbiteri wa Scotland, Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu kwa utaratibu wa Kianglikana, na wasio Waanglikana wakashiriki. Askofu Weston wa Zanzibar aliposikia, aliwashtaki Peel na Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Shtaka lenyewe lilikuwa uzushi! Kwa Weston, kuwapa sakramenti watu wasiowekewa mikono na askofu kulikuwa kubomoa Kanisa.

Zamani nilimwona Weston mtu mgumu. Siku hizi sina haraka hiyo. Hakuna anayegombana namna ile kwa ajili ya mkate anaouona ni mkate tu. Wala Peel siwezi kumlaumu. Mama akirudi kutoka mezani, baba alisogea kumpisha, naye mama hakumtazama usoni mpaka wimbo wa mwisho.