Kabati la kuhifadhia siga: mbao, ujenzi na karatasi za mpakani

Siga, ile biri nene inayosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku, ni bidhaa ndogo yenye thamani kubwa na huharibika upesi. Ikikauka hupasuka na kuungua kwa ukali. Ikilowana huota ukungu. Ndiyo maana wauzaji huiweka ndani ya kabati la mbao linalotunza unyevu, ambalo huliita hyumido. Seremala mzuri anaweza kulitengeneza kwa vifaa vya kawaida. Yafuatayo ni maelezo ya mbao za kuchagua, namna ya kujenga, na mambo ya kuzingatia mbao, kabati au siga zinapovuka mpaka.

1. Unyevu na joto

Kiwango kinachotakiwa ndani ya kabati ni unyevu wa hewa wa asilimia 65 hadi 70, na joto la nyuzi 16 hadi 20 za Selsiasi. Joto likizidi nyuzi 24 hivi kwa muda mrefu, mayai ya mdudu wa tumbaku (Lasioderma serricorne) yaliyomo ndani ya majani huweza kuanguliwa. Mabuu hutoboa siga, na yakiachwa wadudu huhamia masanduku ya jirani.

Michoro mingi ya makabati haya imetoka nchi za baridi, ambako nyumba hupashwa moto na hewa ya ndani huwa kavu. Huko kazi ya kabati ni kuongeza unyevu. Kwetu hali ni tofauti. Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa hewa ya nje mara nyingi huzidi asilimia 75, kwa hiyo kabati linaloongeza maji tu litaleta ukungu. Lakini katika miji hiyo hiyo, duka lenye kiyoyozi huwa na hewa kavu mchana, kisha unyevu hurudi usiku kiyoyozi kikizimwa. Dodoma na Lubumbashi wakati wa kiangazi hewa hukauka sana.

Hivyo basi, kabla ya kukata ubao wowote, pima chumba chenyewe asubuhi, mchana na usiku kwa muda wa wiki moja. Kabati hujengwa kwa ajili ya chumba litakamokaa, si kwa ajili ya mji.

2. Mbao: jina lisikudanganye

Mbao inayopendwa kwa kufunika ndani ni Cedrela odorata. Wazungu huiita mwerezi wa Kihispania, lakini si mwerezi wa kweli. Ni ya ukoo mmoja na mkangazi na mwarobaini. Hunywa unyevu na kuutoa polepole, haiozi upesi, na harufu yake nyepesi inapatana na tumbaku. Asili yake ni Amerika ya tropiki, lakini ilipandwa pia Afrika Mashariki. Katika msitu wa hifadhi wa Kimboza, mkoani Morogoro, imeenea hadi kuhesabiwa kuwa mti vamizi.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupata hasara. Ukiagiza "mwerezi" bila maelezo, unaweza kuletewa mtarakwa (Juniperus procera). Huo ni mti mzuri kwa nguzo, lakini mafuta yake yana harufu kali itakayoingia ndani ya siga na isitoke tena. Mkulo, wenye harufu ya kafuri, haufai kwa sababu hiyo hiyo, na paini hutoa utomvu. Ukikosa sedrela, tumia mkangazi mkavu, ambao harufu yake ni hafifu. Andika jina la kisayansi kwenye oda na kwenye ankara.

Sedrela nayo hutoa utomvu katika joto kama haikukaushwa vizuri. Nunua iliyokaushwa kwenye tanuru, unyevu wake uwe kati ya asilimia 10 na 12.

3. Vipimo na ujenzi

Mfano wetu ni kabati lenye upana wa sentimita 60, kina cha sentimita 45 bila mlango, na urefu wa sentimita 120. Ndani hubaki nafasi ya lita 270 hivi. Utahitaji takriban mita za mraba 2.7 za ubao wa milimita 6 kwa kufunika ndani, pamoja na mlango.

(a) Jenga ganda la nje kwa plaiwudi ya milimita 18. Usiache plaiwudi au ubao wa unga wa mbao wazi upande wa ndani, kwani gundi yake hutoa harufu ya fomalini.

(b) Funika ndani kote kwa sedrela. Tumia gundi nyeupe ya maji, kidogo tu. Acha nafasi ndogo kati ya mbao ili zisipinde zikivimba.

(c) Usipake vanishi wala rangi ndani. Nje paka vanishi pande zote, pamoja na chini na nyuma.

(d) Tengeneza rafu za fito zenye nafasi katikati, na ziishie sentimita 2 kabla ya ukuta wa nyuma ili hewa ipite. Feni ndogo ya kompyuta ya volti 12 inatosha kuzungusha hewa.

(e) Zungushia mlango mpira wa kuzibia. Kama mlango ni wa kioo kilichobanwa kwa silikoni, acha wazi hadi harufu iishe kabisa.

(f) Jaribu mlango kwa njia mbili. Bana karatasi na uivute. Ikitoka kirahisi, mpira haugusi. Kisha washa tochi ndani usiku; mahali panapopenya mwanga, hewa nayo inapenya.

4. Kuanza kutumia

Kwanza hakiki kipima unyevu. Weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji hadi iwe kama uji mzito, kisha ifungie pamoja na kipimo ndani ya chombo kisichopitisha hewa kwa saa 12. Kipimo kinapaswa kusoma asilimia 75. Kikisoma 71, ongeza 4 kila unaposoma.

Weka bakuli la maji yaliyokenekwa ndani ya kabati tupu hadi usomaji utulie, kwa kawaida wiki moja au mbili. Usifute mbao kwa kitambaa chenye maji, zitapinda. Baada ya hapo ondoa bakuli na utumie pakiti za chumvi zinazotoa na kunyonya unyevu, za asilimia 65 au 69. Hizi ndizo zinazofaa kwa chumba ambacho hali yake hubadilika mchana na usiku. Pakiti haipunguzi joto. Kwa hilo panahitajika kiyoyozi.

5. Safarini na mpakani

Tangu tarehe 28 Agosti 2020, sedrela kutoka Amerika ya tropiki imo katika Kiambatisho cha II cha Mkataba wa CITES. Magogo, mbao zilizopasuliwa, veniya na plaiwudi yake vinahitaji kibali cha CITES cha nchi inayouza nje. Samani iliyokamilika haimo katika orodha hiyo. Sedrela iliyopandwa Afrika nayo haimo, lakini lazima uweze kuonyesha ilikotoka. Kwa Tanzania, mbao hazisafirishwi bila hati ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Uliza mapema pia kuhusu cheti cha afya ya mimea na cheti cha uasili wa bidhaa.

Katika kutangaza forodhani, mbao zenye unene unaozidi milimita 6 ziko kifungu 4407, na zisizozidi hapo ziko 4408. Kabati la kusimama ni samani, sura ya 94. Siga ziko 2402.10 na hutangazwa peke yake. Dereva asikubali kabati lenye siga ndani huku karatasi zikisema samani tupu. Gari ndilo litakalozuiwa.

Siga zisafiri ndani ya mifuko iliyofungwa, pamoja na pakiti zake za chumvi, ndani ya boksi linalokinga joto. Foleni ya siku mbili juani ndani ya kontena inaweza kuharibu mzigo ambao kabati lingeutunza kwa miaka.