Bakari, Jina la Swahaba Lililopata Umbo la Pwani

Bakari ni kifupi cha Abubakari, nalo Abubakari ni Abu Bakr, jina alilojulikana nalo khalifa wa kwanza wa Uislamu. Kwa Kiarabu abu ni baba, na bakr ni dume changa la ngamia. Mtu akilifasiri neno kwa neno anapata "baba wa ngamia mchanga", maana ambayo haijawahi kumshughulisha mzazi yeyote wa Tanga au Kwale anayempa mwanawe jina hilo. Uzito wake hautoki kwenye kamusi. Unatoka kwa aliyelibeba.

Waarabu tangu zamani humwita mtu mzima kwa jina la mwanawe, sawa na pwani inavyosema Baba Juma au Mama Asha. Hata hivyo, majina ya aina hii hayakuhitaji kila mara mtoto halisi. Wana watatu wa kiume wa Abu Bakr wanaotajwa na wanahistoria ni Abdullah, Abdulrahman na Muhammad, Bakr hayumo. Yeye mwenyewe jina lake linalotajwa zaidi ni Abdullah, mwana wa Abu Quhafa. Wapo walioeleza kwamba aliitwa Abu Bakr kwa sababu ya kuwahi kusilimu, kwa kuwa mzizi wa neno hilo una maana pia ya kutangulia na kuwa wa mwanzo. Mzizi huohuo ndio uliowapa Waswahili neno bikira. Maelezo hayo yanapendeza masikioni, lakini yanaelekea kuwa yalibuniwa baadaye, maana Bakr lilikuwa jina la Waarabu kabla ya Uislamu. Kabila kubwa la Bakr bin Wail liliitwa hivyo, na nchi waliyokaa kaskazini ya Mesopotamia ikaitwa Diyar Bakr. Mji wa Diyarbakır ulioko Uturuki umelibakiza jina hilo mpaka leo.

Abu Bakr alizaliwa Makka karibu na mwaka 573, akawa mfanyabiashara wa kabila la Kureshi. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kumwamini Mtume Muhammad, na mwaka 622 ndiye aliyefuatana naye katika hijra ya kwenda Madina, wakajificha pamoja katika pango la Thaur huku Wakureshi wakiwasaka. Binti yake Aisha aliolewa na Mtume. Bilal, Mwafrika aliyekuwa mtumwa Makka na baadaye akawa mwadhini wa kwanza, alinunuliwa na Abu Bakr akaachwa huru. Mtume alipofariki mwaka 632, Waislamu wa Madina walimchagua Abu Bakr awaongoze. Utawala wake ulidumu miaka miwili na miezi michache tu, lakini katika muda huo makabila ya Uarabuni yaliyoasi yalirudishwa chini ya Madina, na kazi ya kuikusanya Kurani pamoja ikaanza. Alifariki mwaka 634, akazikwa kando ya Mtume. Sifa aliyopewa, as-Siddiq, yaani msadikishaji mkubwa, nayo ikawa jina: ndiyo asili ya Sadiki na Sidiki, na wako wanaoitwa yote mawili kwa pamoja, Abubakari Sadiki.

Jina liliingia Afrika Mashariki pamoja na dini, na dini iliingia mapema. Katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mabaki ya misikiti ya tangu karne ya 8, na maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yana tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Ushahidi wa jina lenyewe kwa mtu mwenye cheo unapatikana mwaka 1331, msafiri Ibn Battuta alipotia nanga Mogadishu. Alimkuta mtawala wa mji, aliyeitwa "sheikh" na watu wake, naye jina lake ni Abu Bakr bin Sheikh Umar. Majina mawili ya makhalifa wa mwanzo yamekaa hapo kama baba na mwana. Ibn Battuta akaendelea kusini hadi Mombasa na Kilwa, akaandika kwamba wenyeji walifuata madhehebu ya Shafi, mojawapo ya madhehebu ya Kisunni. Jambo hilo lina uhusiano wa moja kwa moja na jina hili, kwa sababu Masunni huwatukuza makhalifa wote wanne wa mwanzo, na pwani nzima ikajaa majina yao: Bakari, Omari, Athumani na Ali.

Baadaye wimbi la pili lililipa jina nguvu mpya. Masharifu na wanazuoni kutoka Hadhramaut, kusini mwa Uarabuni, walihamia Pate, Lamu, Visiwa vya Komoro na Unguja, na kwao Abubakar lilikuwa jina la mababu. Sheikh Abubakar bin Salim wa mji wa Inat, aliyefariki mwaka 1584, ameacha ukoo unaojulikana kwa jina lake hadi pwani hii. Mwanazuoni maarufu wa Zanzibar, Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumeit, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na kuwa kadhi Unguja hadi alipofariki mwaka 1925, alikuwa mwana wa Abubakar wa mkondo huohuo. Katika nyumba za namna hii jina halikukatwa. Liliandikwa na kutamkwa kamili, Abubakar, kama lilivyo vitabuni.

Mitaani na vijijini halikuachwa hivyo. Kiswahili hakipendi konsonanti mbili zifuatane mwishoni mwa neno, kwa hiyo huchomeka irabu kati yake na kuongeza nyingine mwishoni. Ndivyo qabr ilivyokuwa kaburi, sabr ikawa subira, na fikr ikawa fikira. Bakr ikapita njia hiyohiyo ikawa Bakari, na mkazo ukahamia silabi ya pili kutoka mwisho kama ilivyo kawaida ya lugha. Kudondoshwa kwa Abu hakukuwa kwa Waswahili peke yao. Waturuki wana Bekir, Wahausa humwita Abubakar kwa jina la utani Garba, na watu wa Mali, Senegali na Gambia wanasema Bakary. Wakomoro, kwa tahajia ya Kifaransa, huandika Bacar. Watanzania wenye kumbukumbu nzuri watamkumbuka Mohamed Bacar, kiongozi wa kisiwa cha Nzuwani aliyeng'olewa Machi 2008 na majeshi ya Umoja wa Afrika, wanajeshi wa Tanzania wakiwamo.

Bakari anayestahili kukumbukwa zaidi katika maandishi ya Kiswahili ni baba tu katika jina la mwanawe. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo ndiye mwandishi mkuu wa Desturi za Waswahili, kitabu kilichohaririwa na Mjerumani Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1903. Mtoro alifundisha Kiswahili Berlin, akaoa Mjerumani, na alipojaribu kurudi nyumbani na mkewe mwaka 1905, wakoloni wakamzuia mke kushuka Dar es Salaam. Wote wawili walirejea Ujerumani, na Mtoro akafia Berlin mwaka 1927. "Mwinyi" katika jina la baba yake ni cheo cha wenye mji: Mwarabu wa Makka na muungwana wa pwani ya Mrima wamekutana katika maneno mawili.

Kwa Mashia jina hili ni adimu, kwa kuwa wao wanaona ukhalifa ulikuwa haki ya Ali tangu mwanzo. Tofauti hiyo ya karne nyingi imewahi kumwaga damu. Wakati wa mauaji ya kimadhehebu nchini Iraki, hasa baada ya mwaka 2006, mtu aliyeitwa Omar au Bakr angeweza kuuawa kwenye kizuizi cha barabarani kwa sababu ya kitambulisho chake, na wengi walibadili majina. Upande wa pili, Ibrahim al-Badri alijiita Abu Bakr al-Baghdadi na mwaka 2014 akatangazwa khalifa wa kundi la Dola ya Kiislamu. Alijua vizuri jina lipi la kuazima.

Kituko cha jina hili kiko Marekani. Kuanzia miaka ya 1960, Wamarekani weusi wengi walitafuta majina ya Kiafrika kwa watoto wao, na Kiswahili kilipendwa kuliko lugha nyingine nyingi. Bakari likaingia katika vitabu vya majina, likapewa maana ya "ahadi tukufu". Hakuna Mswahili aliyewahi kusikia maana hiyo, wala Kiarabu hakina. Lakini jina lenyewe limeshika. Mwanasiasa Bakari Sellers alichaguliwa kuingia bunge la jimbo la South Carolina mwaka 2006 akiwa na miaka 22. Mwigizaji wa filamu za Creed na Black Panther, Michael B. Jordan, ana Bakari katika hiyo herufi ya kati. Umbo lililovuka bahari kwenda kwao ni la pwani hii, lenye irabu zake zote tatu, si Abu Bakr la Kiarabu.

Nyumbani, Bakari halimo katika kundi la majina ya siku na miezi, kama Juma, Hamisi, Shabani na Ramadhani, ambayo mtoto huyapata kwa bahati ya tarehe. Bakari huchaguliwa, na mara nyingi hurithiwa: mjukuu hupewa jina la babu, ndiyo maana daftari la mahudhurio shuleni halikosi Bakari Omari Bakari. Marafiki humwita Beka, na Abubakari huitwa Abuu. Limeenea Tanga, Pwani, Lindi na Mtwara, likaingia bara kwa njia za misafara hadi Tabora na Ujiji, na Kenya linasikika sana Kwale na Mombasa. Vijana wa sasa huliandika Bakary, kwa y, kama wanavyoandika Ally. Baadhi ya wazazi nao wamerudi kwenye Abubakar kamili kwa kuliona liko karibu zaidi na dini.

Hapo ndipo mzazi anapotakiwa kuwa mwangalifu. Mtoto aliyeandikwa Abubakar kwenye cheti cha kuzaliwa, Bakari kwenye cheti cha shule na Bakary kwenye kitambulisho cha taifa atahesabiwa ofisini kuwa watu watatu, na atahitaji hati ya kiapo mbele ya wakili kuthibitisha kwamba ni mmoja. Mzazi achague tahajia moja siku ya kusajili mtoto, na asiibadilishe tena.