Soundex na umbali wa Levenshtein

Njia mbili za kompyuta za kutambua majina yanayokaribiana. Soundex, ambayo Robert C. Russell aliipatia hataza Marekani mwaka 1918, hubakiza herufi ya kwanza na kugeuza konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu tatu: Mohamed na Muhammad yote huwa M530. Vladimir Levenshtein (1965) alihesabu herufi chache zaidi za kuongeza, kuondoa au kubadilisha ili neno moja liwe jingine. Umbali kati ya majina hayo ni 3. Soundex ni nyepesi, ila imefuata matamshi ya Kiingereza. Halima (H450) na Harima (H650), tahajia za kawaida kwa wanaochanganya l na r, huiponyoka kabisa, ilhali umbali wake ni 1 tu. Kwa orodha za majina ya Kiswahili, Levenshtein inafaa zaidi, ingawa Salma na Salima, majina mawili tofauti, nayo hutoa 1.