Hifadhidata za wingu: Nani aliingia, lini, na alifanya nini?

MTAA wa Kileleshwa, magharibi mwa jiji la Nairobi, ulisifika kwa miaka mingi kwa nyumba zenye bustani pana na kwa Shule ya Upili ya Kenya High. Nyingi kati ya nyumba hizo zimetoa nafasi kwa maghorofa, na humo mna kliniki za meno, ofisi za mawakili, shule za chekechea na kampuni changa za teknolojia.

Biashara za aina hii aghalabu hazina chumba cha seva. Rekodi za wagonjwa, wateja au wanafunzi huwekwa katika hifadhidata ya wingu, yaani ile inayotunzwa kwenye kompyuta za kampuni nyingine na kufikiwa kupitia intaneti. Mwenye biashara hulipia kadiri anavyoitumia.

Urahisi huo una hatari yake. Kabati la faili likivunjwa, kufuli litashuhudia. Hifadhidata ikisomwa na asiyehusika, hakuna kinachopungua wala kinachovunjika. Shahidi wa kutegemewa ni kumbukumbu za ukaguzi, daftari ambalo mfumo hujiandikia wenyewe: nani aliingia, saa ngapi, kutoka wapi, na alifanya nini.

Funzo la Mahakama ya Juu

Wakenya wengi walisikia habari za daftari hilo kwa mara ya kwanza mwaka wa 2017. Mnamo Agosti 28 mwaka huo, Mahakama ya Juu iliagiza tume ya uchaguzi, IEBC, iruhusu ukaguzi wa seva zake, zikiwemo kumbukumbu za walioingia katika mifumo yake kuanzia Agosti 5. Ruhusa ilikuwa ya kusoma tu, bila kubadilisha chochote.

Agizo hilo halikutekelezwa kikamilifu. Septemba 1 matokeo ya uchaguzi wa urais yalibatilishwa kwa kura nne za majaji dhidi ya mbili. Katika hukumu ya kina iliyotolewa Septemba 20, majaji wengi walieleza kwamba kushindwa kufungua seva kuliwaacha na dhana mbaya dhidi ya tume: huenda mfumo uliingiliwa na watu wa nje au wa ndani, au tume haikutaka kukiri kuwa shughuli ya kupeperusha matokeo ilivurugika.

Mwezi huo huo ilifichuka barua ya aliyekuwa mwenyekiti wa IEBC, marehemu Wafula Chebukati, kwa afisa mkuu mtendaji wa wakati huo, Ezra Chiloba. Mwenyekiti alitaka maelezo kuhusu akaunti iliyofunguliwa kwa jina lake bila yeye kujua, na iliyotumiwa mara 9,934. Barua hiyo ilikuwa ya kuuliza, si ya kuhukumu. Lakini swali lenyewe lisingeulizwa kwa nambari kamili kama mfumo haungehesabu.

Mwaka wa 2022 mambo yalikwenda vingine. Seva zilikaguliwa chini ya usimamizi wa mahakama, ripoti ya ukaguzi haikuonyesha uvamizi, na mnamo Septemba 5 majaji wote saba walikataa kesi hiyo. Daftari linaloweza kufunguliwa humtetea mwenye nalo. Lililofungwa humwacha bila utetezi hata kama hana hatia.

Data iko wapi?

Kabla ya kuunganisha chochote, mwenye biashara aulize data yake itakaa nchi gani. Vituo vikubwa vya wingu vilivyo karibu viko Afrika Kusini: Microsoft ilifungua vyake mwaka wa 2019, Amazon ikafungua cha Cape Town mwaka wa 2020, na Google cha Johannesburg mwaka wa 2024. Wengine huhifadhi data yao Ulaya.

Umbali huo una maana. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika pamoja mnamo Mei 12, 2024, intaneti ilipungua kasi nchini Kenya na katika mataifa jirani. Kliniki ambayo hifadhidata yake iko ng'ambo inahitaji utaratibu wa kufanya kazi siku kama hiyo, iwe ni fomu za karatasi au nakala ndogo iliyofungwa vyema ofisini.

Kuunganisha kwa usalama

Kila hifadhidata husikiliza kwenye mlango wenye nambari. PostgreSQL kwa kawaida hutumia 5432, na MySQL 3306. Kosa la kwanza la mafundi wenye haraka ni kuiacha milango hiyo wazi kwa dunia nzima kwa kuruhusu anwani 0.0.0.0/0. Inafaa kuruhusu anwani za seva za programu pekee, na wafanyakazi walio nje wapitie VPN.

Jambo la pili ni usimbaji, ili ujumbe usisomeke njiani. Haitoshi kuwasha TLS. Programu ithibitishe pia kwamba cheti ni cha seva halisi. Katika PostgreSQL mpangilio huo huitwa "verify-full". Bila uthibitisho huo, programu yaweza kuzungumza kwa siri na tapeli.

Tatu, kila mtu awe na akaunti yake. Ikiwa mpokezi, mhasibu na fundi wote huingia kama "admin", daftari litaandika "admin" tu. Siku rekodi zikivuja, watashukiwa wote watatu, na wawili wasio na hatia hawatakuwa na cha kujitetea. Programu nayo ipewe akaunti yake yenye mamlaka ya kazi yake pekee, na nywila yake isiandikwe ndani ya msimbo. Akaunti za wasimamizi zilindwe kwa uthibitisho wa hatua mbili.

Kuwasha daftari

Wengi hudhani kwamba wingu huandika kila kitu bila kuombwa. Sivyo. Huduma ya CloudTrail ya Amazon huonyesha matukio ya usimamizi, kama vile kufungua au kufuta hifadhidata, kwa siku 90 zilizopita. Haisemi ni nani aliyesoma jedwali la wagonjwa. Google nayo huandika shughuli za wasimamizi daima na kuzitunza siku 400, lakini kumbukumbu za usomaji wa data katika huduma zake nyingi huwa zimezimwa hadi mteja aziwashe.

Ili kujua kinachotendeka ndani ya hifadhidata yenyewe, PostgreSQL ina kiendelezi kiitwacho pgAudit, na MySQL hutumia programu-jalizi ya ukaguzi. Fundi huchagua cha kuandikwa. Kuandika kila kitu hujaza daftari na kupandisha gharama. Yasiyofaa kukosa ni haya: majaribio ya kuingia yaliyofeli, mabadiliko ya mamlaka, ufutaji, usomaji wa majedwali nyeti, na mabadiliko ya mipangilio ya daftari lenyewe.

Tahadhari moja: daftari laweza kunasa majina na maradhi yaliyomo katika maswali yanayotumwa kwa hifadhidata. Kwa hivyo, nalo lilindwe.

Muhimu zaidi, kumbukumbu zipelekwe kwenye akaunti nyingine ambayo msimamizi wa hifadhidata hawezi kuifuta. Mwizi akiwa ndiye mtunza daftari, ukurasa wake ndio utakaochanika kwanza.

Kulisoma

Daftari lisilosomwa ni mzigo. Kwa kuwa hakuna mfanyakazi atakayekesha akilitazama, mfumo uwekewe vichocheo vya kutuma tahadhari: nywila ikikosewa mara nyingi kwa muda mfupi, akaunti ikiingia kutoka nchi isiyotarajiwa, rekodi maelfu zikisomwa kwa mkupuo, au kumbukumbu zikikoma ghafla. Kimya cha daftari ni habari pia.

Tahadhari zisizidi kiasi, la sivyo watu watazizoea na kuzipuuza. Kila moja iwe na mtu anayewajibika kuishughulikia, na mwingine wa akiba.

Msomaji wa kumbukumbu akumbuke pia kwamba mifumo ya wingu kwa kawaida huandika saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya saa za Nairobi kwa saa tatu. Tukio lililoandikwa 23:15 halikutokea wafanyakazi walipokuwa wakimalizia kazi za jioni. Lilitokea saa nane na robo usiku, tayari siku iliyofuata. Kosa hilo laweza kumtia mashakani mtu aliyekuwa zamu, na kumwachilia aliyehusika.

Sheria inadai nini?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka mwenye data amjulishe Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 tangu afahamu kuwa data imefikiwa na asiyeruhusiwa na kwamba kuna hatari ya madhara. Kampuni inayoshughulikia data kwa niaba ya mwingine ina saa 48 za kumwarifu mwenye data. Faini yaweza kufika Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo.

Taarifa hiyo inapaswa kueleza aina ya uvunjaji. Asiye na kumbukumbu hawezi kusema kama ni wagonjwa watatu au elfu tatu walioathirika, na hulazimika kuwatia hofu wote. Hali kadhalika, Sheria ya Makosa ya Kompyuta ya 2018 inamwadhibu anayeingia bila idhini, lakini mahakama huhitaji ushahidi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi hukubali rekodi za kielektroniki, zikiandamana na cheti kinachoeleza jinsi zilivyotolewa.

Jaribio la kupima mfumo ni rahisi. Mwenye biashara amchague mgonjwa au mteja mmoja, kisha amwombe fundi amwonyeshe kila aliyefungua rekodi ya mtu huyo Jumanne iliyopita. Majina na saa vikitokea, daftari linafanya kazi. Jibu likiwa "admin", au lisipopatikana kabisa, kazi ya kuunganisha haijakamilika.