Kivunjabarafu

Karibu kila kiangazi cha kusini, meli ya Polar Star ya Walinzi wa Pwani wa Marekani hufungua njia hadi kituo cha utafiti cha McMurdo, Antaktika. Ilianza kazi mwaka 1976. Meli za mafuta na shehena hupita nyuma yake.

Ni rahisi kuandika kwamba meli hiyo “hukata” barafu. Sivyo. Omo lake lililopinda hupanda juu ya barafu, kisha uzito wa meli huikandamiza hadi ivunjike. Barafu ikiwa nene mno, meli hurudi nyuma na kuigonga tena na tena; kwa njia hiyo huvunja hata unene wa mita 6.

Kitenzi sahihi ni kuvunja.

Kiswahili tayari kina maneno yaliyoundwa kwa kitenzi na nomino, kama kipimajoto na kipazasauti. Kwa meli ya aina hii, waandishi wa habari watumie kivunjabarafu.